Kislovenia na Kiswidi kwa Mzawa wa Kiswahili: Niliyoyaona Ljubljana na Umeå

Kila mwaka, barua za kukubaliwa vyuoni zinapoanza kutoka, vijana waliosoma misitu Morogoro na kwingineko huniandikia kutaka kujua wajiandae vipi na lugha za Ulaya. Wengi wao wamepata nafasi Slovenia au Uswidi, nchi mbili ambazo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni misitu, na swali lao la kwanza huwa ni lile lile: kati ya Kislovenia na Kiswidi, ipi ni nyepesi? Mimi nilisoma shahada ya uzamili Ljubljana, kisha nikahamia Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ambako nafanya kazi hadi sasa. Lugha zote mbili nimezianza nikiwa mtu mzima, na zote mbili zimenigharimu fedha, usingizi na machozi. Naandika haya kwa sababu majibu mengi yanayopatikana kuhusu swali hilo yameandikwa na watu wasiojua Kiswahili, na jambo hilo lina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Jibu maarufu kuliko yote linatokana na taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha, Foreign Service Institute, ambayo huiweka Kiswidi katika kundi la lugha nyepesi na Kislovenia katika kundi la lugha ngumu, inayohitaji wiki 44 za darasani, yaani saa 1,100 hivi, wakati Kiswidi huhitaji takriban nusu ya muda huo. Takwimu hizo ni za kweli kwa waliokusudiwa, nao ni wasemaji wa Kiingereza, ambacho ni ndugu wa Kiswidi. Mtoto aliyekulia Pangani akisema kiti kimevunjika na viti vimevunjika haanzii pale anapoanzia Mmarekani. Nilipofika Ljubljana nilikuwa nimeziamini takwimu hizo kabisa, nikajiona nimekwenda kubeba mzigo usiobebeka, na hofu hiyo ilinipotezea muhula mzima ambao ningeweza kuutumia kusema.

Nianze na Kislovenia, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Ni lugha ya Kislavi ya kusini, inayosemwa na watu wapatao milioni mbili na zaidi kidogo, wengi wao nchini Slovenia kwenyewe na wengine katika jamii za mipakani ndani ya Italia, Austria na Hungaria. Alfabeti yake ina herufi 25, na anayesoma Kiswahili atafurahi kuona kwamba maneno mengi yanasomwa karibu kama yalivyoandikwa: č ni ch yetu, š ni sh, c ni ts, na j ni y. Zipo hitilafu ndogo za kuzoea, kama l ya mwisho wa neno inayogeuka kuwa u, hivyo bil hutamkwa biu. Irabu nazo ni nyingi kuliko herufi zake, maana e peke yake ina matamshi matatu. Kinachotusumbua sisi zaidi ni maneno yasiyo na irabu, kama trg, vrt na prst, ambayo kinywa cha Mswahili hutaka kuyapenyezea i au u ili yapumue. Mwalimu wangu alinifundisha kuishika r kana kwamba ndiyo irabu, niivute kidogo na kuilemea, na baada ya majuma machache ya kujirudia kwa sauti peke yangu chumbani, trg ikaanza kutoka. Mkazo ni kazi nyingine. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, lakini Kislovenia hakina kanuni moja, kwa hiyo kila neno jipya lazima ulijifunze pamoja na mkazo wake. Tovuti ya kamusi iitwayo Fran, inayoendeshwa na taasisi ya lugha ya Ljubljana, huonyesha mkazo wa kila neno na haitozwi fedha. Nawasihi wanaokwenda huko waifungue tangu siku ya kwanza.

Ugumu unaosemwa sana wa Kislovenia uko katika miisho ya maneno. Nomino ina jinsia tatu na uhusika wa aina sita, maana yake ni kwamba mwisho wa neno hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Gozd ni msitu. Ukienda msituni utasema v gozd, ukiwa tayari umo msituni utasema v gozdu, na ukitoka msituni utasema iz gozda. Sisi hutia -ni mwishoni na kumwachia kitenzi kueleza kama mtu anaingia, yumo au anatoka, lakini Mslovenia hutaka nomino yenyewe iseme. Hata kukanusha hugusa mwisho wa nomino: vidim smreko ni naona mti wa smreka, ulio wa jamii ya msonobari, lakini ne vidim smreke ni siuoni.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na ambayo mtu wa misitu hawezi kuikwepa kwa sababu kazi yetu ni kuhesabu miti, ni namba. Kislovenia hakina umoja na wingi tu; kina uwili pia. Ena smreka ni smreka moja, dve smreki ni mbili, tri smreke ni tatu, štiri smreke ni nne, lakini ukifika tano umbo hubadilika tena na kuwa pet smrek. Kitenzi nacho hufuata: dve smreki sta padli, mbili zimeanguka, tri smreke so padle, tatu zimeanguka, na pet smrek je padlo, ambapo tano zinachukuliwa kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na jinsia ya kike wala ya kiume. Ukipita mia, mambo huanza upya, kwa hiyo miti mia na miwili ni sto dve smreki, katika uwili, ingawa mbele yako umesimama msitu mzima. Uwili huo umo pia katika viwakilishi na vitenzi vyote: merim ni napima, meriva ni tunapima sisi wawili, merimo ni tunapima sisi watatu au zaidi. Waliosoma sarufi ya Kiarabu madrasa watakumbuka tathnia, nao wana haki ya kufurahi, maana wazo lenyewe hawatalikuta geni hata kama maumbo ni mengine kabisa.

Mazoezi ya vitendo tuliyafanya katika misitu ya Kočevje, kusini mwa nchi, penye misitu mikubwa ya mibuki, mti wa majani mapana waitao bukev, na miti ya jamii ya msonobari. Kazi yangu ilikuwa kushika fomu. Bwana misitu mmoja mzee, aliyejua Kislovenia na Kijerumani tu, alitembea mbele yangu na kalipa, chombo wanachokiita premerka, akipima kipenyo cha kila mti usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kulitamka jina la mti na kipenyo chake bila kusimama: bukev, dvaintrideset, smreka, triindvajset. Namba za Kislovenia hutanguliza mamoja kabla ya makumi, hivyo dvaintrideset ni mbili na thelathini, yaani 32, na triindvajset ni tatu na ishirini, yaani 23. Anayeandika haraka huanza na tarakimu aliyoisikia kwanza, na fomu nzima huharibika. Mzee yule alinitaka nirudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika, na yeye hakusogea kwenye mti uliofuata mpaka anisikie. Jioni ya siku ya pili masikio yangu yalikuwa yamegeuka. Nilisaidiwa pia na kumbukumbu ya wazee wa kwetu pwani waliohesabu kwa mtindo wa Kiarabu, wakisema khamsa wa ishirini kwa ishirini na tano. Nashauri kila anayejifunza Kislovenia amtafute mtu wa kumsomea namba ovyo ovyo kila siku, dakika chache tu, na yeye azirudie kabla ya kuandika. Bei za sokoni, namba za mabasi, miadi ya ofisini na tarehe za mitihani zote hupitia hapo.

Sasa niseme kile ambacho takwimu za Marekani haziwezi kukisema. Upatanisho wa kisarufi, ambao huwatoa jasho wanafunzi kutoka Uingereza na Marekani, kwetu ni jambo la kuzaliwa nalo. Mslovenia husema visok hrast, visoka smreka, visoko drevo, kwa maana ya mwaloni mrefu, smreka ndefu na mti mrefu, na kivumishi hufuata nomino kama sisi tunavyosema mti mrefu, kisiki kirefu na jani refu. Darasani kwetu wenzangu waliuliza mara kwa mara kwa nini kivumishi kinabadilika. Mimi sikuwahi kuwa na swali hilo, nilitaka tu kujua kinabadilikaje. Vilevile Kislovenia hakina vibainishi vya mbele ya nomino kama a na the vya Kiingereza, na hilo ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye lugha yake pia haina. Hata vitenzi vyake vya jozi, kimoja cha tendo linaloendelea na kingine cha tendo lililokamilika, havikunitisha kama nilivyoonywa. Sekal sem ni nilikuwa nikikata, posekal sem ni nilikata nikamaliza, mti uko chini. Mtu anayetofautisha nikikata na nimekwisha kukata anaijua tofauti hiyo tayari. Kilichobaki ni kukariri jozi zenyewe, na ukariri huo ni mrefu, sitaki kumdanganya mtu.

Kwa sababu hiyo, fedha ya kujifunza Kislovenia inafaa itumike mapema, na itumike kwa mwalimu wa sarufi anayejua kazi yake. Kituo cha Kislovenia kama lugha ya pili na ya kigeni, kilicho chini ya Kitivo cha Sanaa cha Chuo Kikuu cha Ljubljana, hutoa kozi za mwaka mzima na za kiangazi, husimamia mitihani inayotambuliwa rasmi, na kimeandaa pia kozi ya bure ya mtandaoni iitwayo Slonline, ambayo ningemwambia kila mtu aianze akiwa bado nyumbani. Kozi za darasani zina ada, na kwa mwanafunzi anayeishi kwa posho ni ada inayouma. Mimi nililipia kwanza kozi ya shule moja ya binafsi iliyoahidi mazungumzo bila sarufi. Tulicheza michezo mingi, tukajua kuagiza kahawa, na nilipotoka nilikuwa sijui kwa nini kahawa niliyoiagiza ni kavo wakati kwenye orodha imeandikwa kava. Kwa lugha nyingine mbinu hiyo huenda ikafaa. Kwa Kislovenia, asiyejua jedwali la miisho hawezi hata kulitafuta neno kwenye kamusi, kwa sababu umbo alilolisikia silo lililoorodheshwa. Andikeni kila nomino pamoja na jinsia yake na umbo lake la rodilnik, ule uhusika wa umiliki na ukanushaji, nanyi mtakuwa mmeipata nusu ya njia.

Kuna pengo kati ya lugha ya kitabu na ya mtaani ambalo huvunja moyo. Vijana wa Ljubljana hukata miisho, husema delat badala ya delati na kva badala ya kaj, na ukitoka nje ya mji unakutana na lahaja ambazo Waslovenia wenyewe hawaelewani nazo kwa urahisi. Ya Prekmurje, kaskazini mashariki, ilinishinda kabisa. Usikate tamaa ukifika hapo, kwa maana wanaokusikiliza wewe wanasema pia lugha sanifu, na watakurudishia hiyo ukiwaomba. Kwa wakubwa na kwa watu usiowajua utatumia vi ya heshima, na mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa sababu yake. Na liko jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya sarufi. Waslovenia hawakuwa na dola yao huru mpaka mwaka 1991. Kwa karne nyingi kilichowashikilia pamoja ni lugha, tangu Primož Trubar alipochapisha vitabu vya kwanza vya Kislovenia mwaka 1550, na siku aliyofariki mshairi wao France Prešeren, tarehe 8 Februari, ni sikukuu ya taifa. Hawatarajii mgeni ajifunze lugha yao. Mgeni anaposema midva greva, sisi wawili twende, na kuupatia uwili vizuri, uso wa mzee hubadilika mbele yako. Nilipata malazi, mialiko ya chakula na msaada wa kazi kwa sababu ya uwili kuliko kwa sababu ya cheti chochote nilichobeba.

Umeå ilikuwa kinyume. Niliwasili nikijua kwamba Kiswidi ni lugha nyepesi, na kwa muda mfupi niliona ushahidi wake kila mahali. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi: jag mäter, du mäter, vi mäter, napima, unapima, tunapima, neno ni lile lile. Namba zimepangwa kama zetu, trettiotvå ni thelathini na mbili. Granar ni miti ya gran, yaani smreka kwa Kiswidi, iwe miwili au mia na miwili. Maneno mengi yanafanana na ya Kiingereza, ambacho tulikisoma shuleni. Kabla ya theluji ya kwanza kuyeyuka nilikuwa naandika barua pepe za kazi kwa Kiswidi, na wenzangu walinisifu kwa dhati.

Lakini sikuwa nikisikia. Nasema hivyo kwa uzito wake wote: nilikuwa nasoma gazeti asubuhi, na saa nne, wakati wa fika, yaani ile kahawa ya pamoja ambayo kazini Uswidi haikosekani, nilikaa mezani na watu wema waliokuwa wakizungumza kuhusu magazeti hayo hayo, nami sikushika hata sentensi moja. Kiswidi kina herufi tisa za irabu, na kila moja ina sauti ndefu na fupi. Kwa mtu wa misitu matokeo yake yako wazi: tal ya a ndefu ni namba, tall ya a fupi ni msonobari, träd ni mti, tråd ni uzi. Sikio lililokulia kwenye a, e, i, o, u huzikusanya sauti hizo zote katika masanduku matano na kuzipoteza humo. Juu ya hayo kuna toni mbili za maneno, hivyo tomten kwa toni ya kwanza ni kiwanja na kwa toni ya pili ni kile kizee cha Krismasi, na maandishi ni yale yale. Kuna sauti ya sj, inayotoka nyuma ya kinywa pamoja na pumzi, na inayotamkwa tofauti kutoka mkoa hadi mkoa. Na kuna maneno madogo yanayomezwa: jag husemwa ja, och husemwa å, det husemwa de, de na dem yote husemwa dom. Kaskazini tunakoishi, ndiyo yenyewe mara nyingi haisemwi kwa neno. Mtu huvuta pumzi ndani kwa midomo iliyobana, sauti kama ya kushtuka, na jibu limekwisha kutolewa. Mwanzoni nilidhani nimemuudhi mtu.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa magumu kwangu kuliko mwaka wangu wote wa kwanza Ljubljana. Mwezi Desemba jua huonekana Umeå kwa saa chache tu, na ukiongeza juu yake ukimya wa kukaa mezani bila kuelewa, upweke unakuwa mzito. Waswidi wengi wanajua Kiingereza vizuri sana, na mara wanapoona unasitasita wanahamia huko kwa nia njema. Ukikubali kila mara, unaweza kumaliza miaka mingi ukifanya kazi nzuri na kulipwa vizuri bila kuingia kamwe katika maisha ya watu uliokaa nao. Nimewaona wataalamu kutoka kwetu waliomaliza hivyo, na nawahurumia, kwa sababu hawakufanya kosa lolote. Walikubali tu wema walioonyeshwa. Kilichonisaidia ni kuomba waziwazi, kwa sentensi niliyoikariri, kan vi ta det på svenska, yaani tunaweza kulisema kwa Kiswidi, na kumweleza mapema kila mwenzangu wa ofisini kwamba nitachelewa kujibu na kwamba sihitaji kuokolewa. Walilipokea hilo kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyechoka nami.

Kwa hiyo kwa Kiswidi fedha na muda viende kwenye sikio na kinywa tangu juma la kwanza, hata kama sarufi inaonekana kukuachia nafasi ya kukimbia. Sikiliza redio yenye habari za lugha nyepesi ya Shirika la Redio la Uswidi, na usome 8 Sidor, gazeti la lugha rahisi, kwa sauti na si kwa macho. Maktaba nyingi huandaa språkkafé, mikutano ya mazungumzo ambako wenyeji waliojitolea hukaa na wageni bila malipo, na kwangu mikutano hiyo ilinifaa kuliko kozi. Tafuta mtu mmoja mwenye subira, mwambie akusomee jozi za maneno ya irabu ndefu na fupi, vit na vitt, glas na glass, ukionyesha kidole ulilolisikia. Ni zoezi la kuchosha na linaonekana la kitoto, lakini sijui njia nyingine ya kulifungua sikio la Mswahili.

Sarufi ya Kiswidi nayo ina sehemu zake ambazo kwetu si nyepesi. Nomino ziko za en na za ett, nyingi zaidi zikiwa za en, karibu robo tatu, na hakuna kanuni ya kutosha ya kuzitambua: gran na tall na björk zote ni en, lakini träd, mti wenyewe, ni ett. Ule umahususi ambao sisi hatuuwekei alama, au tunautaja kwa huu na ule, Mswidi huubandika mwishoni, granen, trädet, na akiongeza kivumishi huutaja mara mbili, den höga granen, det höga trädet. Mimi bado nauacha nikichoka. Mpangilio wa maneno ni mgumu zaidi ya huo. Kitenzi lazima kikae nafasi ya pili, hivyo ukianza na jana, mtendaji husukumwa nyuma ya kitenzi: i går mätte vi granarna, jana tulipima granar, kwa mpangilio wa jana-pima-sisi. Katika kishazi tegemezi mambo hugeuka tena, na kikanushi hupanda mbele ya kitenzi: vi mätte inte, hatukupima, lakini eftersom vi inte mätte, kwa kuwa hatukupima. Kiswahili hukiacha kielezi kizurure kitakavyo, kwa hiyo uhuru huo tunaubeba hadi kwenye Kiswidi na unatusaliti. Walimu wote niliopitia walisahihisha jambo hilo kuliko jingine lolote. Vitabu vya sarufi huliweka mwanzoni, na mwanafunzi hulielewa siku hiyo hiyo. Kulitenda bila kufikiri huchukua miaka.

Kuhusu gharama, Uswidi ina upendeleo mkubwa. Kozi ya sfi, Kiswidi kwa wahamiaji, hutolewa na manispaa bila ada, ikiwa na hatua nne kuanzia A hadi D na njia tatu za masomo kulingana na elimu uliyokuja nayo. Mwenye shahada aombe ile ya tatu, inayokwenda haraka. Sharti ni kuandikishwa kama mkazi na kupata namba ya utambulisho, na uandikishaji huo ni wa wanaokusudia kukaa mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo wanaokuja kwa muhula mmoja wasiitegemee. Baada ya D kuna Kiswidi kama lugha ya pili katika elimu ya watu wazima, nayo haina ada. Darasani utakuta watu wa kila hali, na mwendo wa darasa hauwezi kumridhisha kila mtu. Mimi niliongezea mwalimu wa binafsi wa matamshi, na hiyo ndiyo fedha pekee niliyoitumia kwa Kiswidi ambayo ningeitumia tena bila kusita.

Jambo dogo la adabu liwaandae wale wa kwetu. Waswidi walianza kuacha majina ya heshima mwishoni mwa miaka ya 1960, na mkuu wa mamlaka ya afya, Bror Rexed, alijulikana kwa kutangaza mwaka 1967 kwamba angewaita watumishi wake wote du. Leo profesa wa miaka sabini huitwa kwa jina lake la kwanza na wewe yako ni du ile ile unayomwambia mtoto. Baada ya vi ya Ljubljana, na baada ya shikamoo ya nyumbani, ulimi wangu ulikataa kwa muda mrefu, nikawa nazunguka sentensi nzima ili nisimtaje mtu. Hakuna haja ya kuzunguka. Heshima yao huonyeshwa kwa kufika kwa wakati na kusikiliza mpaka mwingine amalize.

Wanaouliza wachague ipi wanisamehe nikisema kwamba mara nyingi barua ya ufadhili imekwisha kuchagua. Ikiwa ni Slovenia, anzeni sarufi sasa, msiitishwe na takwimu za wengine, na msiamini mtu anayesema kwamba shahada inayofundishwa kwa Kiingereza inawaondolea haja hiyo, kwa sababu mabwana misitu wa Kočevje hawamo darasani. Ikiwa ni Uswidi, msilewe na wepesi wa miezi ya kwanza. Na ikiwa mtu yuko huru kweli na anafikiria ajira, Kiswidi kina wasemaji wapatao milioni kumi, ni lugha rasmi pia nchini Finland, na humfungulia mtu maandishi ya Kinorwe na Kidenmaki karibu bila gharama ya ziada. Moyo wangu, hata hivyo, uko na Kislovenia. Kimenifaa pia nje ya mipaka yake, kwani nikiwa Kroatia nasoma mabango na kushika nusu ya mazungumzo, ingawa wenzao hao hawana uwili na hunitazama kwa mshangao ninapoutumia. Ripoti za misitu za Norwei nazisoma kila juma kazini kwa Kiswidi changu. Za Denmark nazisoma pia, lakini Wadenmaki wenyewe wanapopiga simu naomba bado waniandikie.